Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: chakula kikikwama kooni

Mheshimiwa Waziri,

Nauza chai na chapati Buguruni, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mteja wangu wa kwanza kila alfajiri alikuwa baba yangu mzazi. Mwaka juzi akaanza kuichovya chapati mpaka ilainike kama uji, ndipo ameze. Tukamtania kwamba amezeeka. Baadaye akabaki na uji mtupu, na kila funda akitulia kidogo, mkono kifuani, akingoja lishuke. Hakuwa anapaliwa. Kilikuwa kinakwama.

Zahanati tuliyokwenda walimpa dawa za vidonda vya tumbo. Tukarudi, wakampa tena. Mara ya tatu vidonge vikabadilika rangi tu. Ilipita miezi mitano ndipo akapata kipimo cha kamera inayopitishwa kooni, na siku hiyo tukaambiwa ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na imeshaziba. Aliwekewa kibomba cha nyavu za waya kupanua njia, akala ndizi za kuponda wiki kadhaa kwa furaha ya mtoto, kisha akatutoka.

Simlaumu tabibu wa zahanati. Kutwa anaona viungulia. Ila umio hutanuka, na mtu huanza kukwamwa wakati uvimbe umeshachukua nafasi kubwa. Hapo hakuna muda wa kujaribu dozi nyingine.

Na si ugonjwa mgeni kwetu. Tanzania imo kwenye ukanda wa saratani hii unaoshuka mashariki mwa Afrika, pamoja na Kenya na Malawi. Kilimanjaro watafiti walipima hata joto la chai ya maziwa watu wanapoinywa: wastani ulikuwa kama nyuzi 70. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ukasema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 yumkini husababisha saratani ya umio. Tumbaku na pombe, hivyo vimeshathibitishwa kuisababisha.

Haya kanisimulia mpwa wangu anayesomea uuguzi, maana yameandikwa Kiingereza na mimi ndiye nimiminaye chai. Nikamwambia alete kipimajoto. Kikombe kilichotoka kwenye chupa kilisoma 78. Kuli mmoja alikimaliza chake sisi tukiwa bado tunabishana juu ya namba. Siku hizi naiacha ipoe kwanza, na wateja wananinunia.

Mheshimiwa, naomba waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kila zahanati na kila duka la dawa: mtu mzima anayekwamwa na chakula asipewe dozi ya pili, apewe rufaa ya kamera. Na huko anakopelekwa akute kamera inafanya kazi, na mtu wa kuiendesha yupo. (Mashine yenye vumbi tumeshaziona za kutosha.)

Kuubandika hapa Buguruni niachieni mimi. Duka la dawa lipo hatua ishirini kutoka mezani kwangu.

Wako,
Mama lishe, Buguruni, Dar es Salaam