Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyenunua kopo la kutengenezea bia nyumbani

Mpwa wangu,

Habari nimezipata: kopo la kimea la kilo 1.7 unalo, ndoo yenye koki unayo, na Jumamosi unaanza. Vizuri. Ila kile kikaratasi kilichokuja na kopo kiliandikwa kwa watu wa nchi za baridi, na wewe uko Kampala. Shayiri imeshaoteshwa, imeshachemshwa na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zimeshatiwa humo koponi. Kazi uliyoachiwa ni usafi na ubaridi. Usafi wengi wanauweza.

Anza Ijumaa jioni. Maji ya bomba yana klorini, nayo ikikutana na kimea bia hunuka plasta ya hospitali. Chemsha lita 20 kwa dakika 15, sufuria ikiwa wazi, kisha tia lita 10 kwenye jerikeni safi na uiweke kwenye friji. Jerikeni iliyowahi kubeba mafuta ya taa usiiguse, hata ikioshwa mara mia.

Asubuhi itoe koki yote kwenye ndoo na usugue uzi wake kwa mswaki, maana uchafu hujificha hapo. Waya wa kusugulia sufuria weka mbali: mkwaruzo ukishaingia kwenye plastiki, bakteria hawatoki tena. Loweka vyombo vyote dakika 20 kwenye maji yenye Jik isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita, halafu suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa. Na yale maganda ya matoke yatoe jikoni. Vile visubi vidogo vinavyoyazunguka ndivyo vinavyoleta siki.

Kopo liloweke kwenye maji ya moto dakika 10 ili kimea kilainike, lakini toa kwanza pakiti ya hamira iliyo chini ya kifuniko. Yeyusha kimea na kilo 1 ya sukari nyeupe kwa lita 2 za maji ya moto, mimina yale ya friji, kisha ongeza mengine mpaka alama ya lita 20. Kikaratasi kinasema 23. Kwa sukari hiyo, 23 inakupa bia nyepesi mno. 20 inakupa karibu 1.045 kwenye haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo (maji matupu husoma 1.000), na bia yenye kilevi cha asilimia 4.5 hivi. Joto litakuwa nyuzi 21 au karibu na hapo. Hapo tia hamira.

Lakini kabla ya kuitia, hamira nayo ichunguze. Kopo lililokaa miezi kwenye kontena na duka lenye joto huwa na hamira iliyochoka. Itie kwenye nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Dakika 20 zikipita bila kuumuka, nunua nyingine ya bia. Ya mandazi itachacha, lakini haitulii chini na ladha yake ni ya mkate.

Sasa siku tatu za kwanza, ambazo ndizo zinazoamua ladha. Hamira ikifanya kazi hutoa joto lake yenyewe, ndoo ikazidi chumba kwa nyuzi 2 hadi 4. Chumba cha nyuzi 26 kinamaanisha bia ya 29, na hapo hutoa harufu kama rangi ya kucha na kichwa kinauma kesho yake. Weka ndoo kwenye karai la maji juu ya sakafu ya simenti, ivalishe taulo lililolowa, na kila asubuhi na jioni badilisha chupa mbili za maji yaliyoganda ndani ya karai. Lenga 20 hadi 22. Ndugu zetu wa Kabale hawana shida hii. Wao wanatafuta blanketi.

Malwa, ile pombe yetu ya ulezi, hunywewa ikiwa bado inachacha, hii hapana. Tena usihesabu mapovu ya kwenye kizibo cha hewa, kile cha mfunikoni kinachotoa gesi, kwani mfuniko ukivuja huyaoni ingawa kazi inaendelea. Pima siku ya saba, upime tena baada ya siku mbili. Ikisoma kati ya 1.008 na 1.012 mara zote mbili, imeisha. Izungushe haidromita kwanza ili mapovu yaliyoishika yatoke.

Tumia chupa za plastiki za soda za nusu lita, gramu 3 za sukari kila moja, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Ukiibonyeza ikawa ngumu kama jiwe, gesi imeingia. Ziweke gizani wiki mbili. Za kioo ziache kwanza: sukari ikizidi, au bia ikiwa haijaisha, hupasuka na vipande huruka mpaka ukutani.

Haidromita ikigoma kwenye 1.020, usitie chupani. Itingishe ndoo taratibu bila kuifungua, ondoa taulo ipate joto kidogo, ngoja siku tatu, pima upya.

Mjomba wako,
Jinja