Kanga kuukuu, tafadhali

Stuttgart, 3 Mei

Shoga yangu Zuhura,

Salamu sana. Sisi wazima, hofu ni kwenu huko Tanga. Najua umeninunia tangu Idi, na haki unayo. Ila nuna baadaye, leo nina shida.

Shida yenyewe vitambaa. Chekechea ya Salim ni ya Waldorf, wale wanaofuata mafundisho ya mwanafalsafa mmoja wa Austria, Rudolf Steiner. Shule yao ya kwanza ilifunguliwa hapa hapa Stuttgart mwaka 1919, kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Ndiyo, sigara! Midoli ya plastiki hawaitaki. Wana kikapu cha vitambaa vya hariri, mraba wa sentimita 90 hivi, kila kimoja na rangi yake. Cha bluu leo bahari, kesho shela la bibi harusi. Mwalimu anasema kisiwe na picha wala maandishi, mtoto aamue mwenyewe ni nini.

Mkutanoni nikakaa kimya, moyoni nacheka. Sisi nani alitununulia? Kanga ya mama ilikuwa nyumba chini ya mwembe, ilikuwa mbeleko ya gunzi la mahindi, na siku ulipokuwa bibi harusi ulijifunika gubigubi ukajikwaa kwenye kinu. Kovu bado lipo?

Basi nikataka Salim awe navyo nyumbani. Bei ya kimoja dukani, huko unapata doti mbili. Nikanunua hariri nyeupe, nikairoweka kwenye siki, nikaichemsha na manjano. Ikatoka inawaka! Sufuria nayo, na vidole vyangu. Wiki mbili dirishani, imepauka kama chai ya mgonjwa.

Halafu hariri inateleza. Ukiirusha inashuka polepole kama moshi, hapo sina neno. Lakini ifunge kati ya viti viwili: fundo linafyatuka, nyumba chini, Salim analia. Baba yake naye kamkuta kavaa joho la mfalme: "Mtoto wa kiume na hariri?" Nikamwambia ana miaka minne. Akanyamaza, kule kunyamaza kwake unakokujua.

Juzi nikampa kanga yangu. Akaitandaza sakafuni, magari yakapita kwenye pindo, katikati akapanga nyumba za mbao. Wala hakuna aliyemwambia kuwa pale panaitwa mji! Akauliza imeandikwa nini, nikamsomea: Wivu ni kidonda. Sasa kila basi linasimama Wivu ni Kidonda, abiria wanashuka. Mwalimu aje aone maandishi yanavyomzuia mtoto.

Ombi langu ni kanga kuukuu, za pamba, zilizofuliwa mpaka zikalainika, si mpya zilizokakamaa. Bi Kidawa hakosi. Usizikate. Shingoni hatufungi, usiogope. Hapo mwalimu alikazia na ninamuunga mkono. Joho nalichomeka kwenye kola.

Mwajuma anarudi huku lini hasa? Begi lake lina nafasi, au kajaza dagaa tena? Ile ya bluu ya mama yangu iko kwenu bado, au Halima keshaigeuza dekio? Na ukimkuta maalim, muulize habari ya hariri kwa mtoto wa kiume. Usinitaje. Au nitaje, lakini mwambie ni ya manjano, imeshapauka.

Wako,
Asha