Barua ya wazi kwa wajumbe wa serikali ya kijiji chetu

Wanangu,

Marahaba, hata kwenu mlionipita bila kuniamkia baada ya mkutano. Najua mlikuwa na haraka. Taarifa ya mapato na matumizi nayo ilisomwa vivyo hivyo, mbio mbio, kama mtu anayeanua nguo mvua imeshaanza.

Nilikuwa nimekaa palepale kwenye mzizi wa mwembe. Yule mama muuza maandazi alisimama, akafungua fundo la kanga, akatoa stakabadhi ya mchango wa zahanati, imekunjwa mara nne. Akauliza: mmesoma saruji mifuko 60, mbona boma limeishia kwenye renta tangu mwaka juzi? Akajibiwa, "Mama, hilo subiri kwenye mengineyo." Mengineyo hayakufika. Eti giza limeingia. Saa kumi na moja! Kuku wangu walikuwa bado wanaparua.

Sisemi kama malaika. Nilikuwa mjumbe miaka ya tisini, na mwaka mmoja tuliificha hesabu ya mabati tukidhani watu watasahau. Mwaka uliofuata tukapiga mbiu ya kubeba mawe ya darasa. Walikuja watu kumi na wawili, wanne kati yao wake zetu. Nililibeba jiwe langu nikijua fika kwa nini njia ni nyeupe.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imewapa wajumbe nafasi 15 hadi 25, lakini mkubwa wenu ni mkutano mkuu, yaani kila mtu mzima wa kijiji hiki, na yule mama akiwemo. Kila miezi mitatu mnapaswa kumwita. Si fadhila.

Na ninyi vijana mnaoitukana Dodoma kwenye simu usiku kucha, mkutanoni nilihesabu watatu, na mmoja alikuwa anauza vocha.

Mnasema wananchi hawaiamini serikali. Waiamini kwa lipi? Bungeni mama yule hajafika. Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha, wabunge wetu tisa huchaguliwa na Bunge letu la Dodoma, si yeye. Jumuiya anaijua kwa wale wazee waliodai mafao miaka na miaka baada ya ile ya kwanza kuvunjika mwaka 1977. Wengine tumewazika wakidai. Kilichobaki karibu naye ni ninyi na daftari lenu, nanyi mnamwambia asubiri mengineyo.

Basi: bandikeni hesabu ubaoni, kwa wino. Muhtasari usomwe. Yatokanayo na mkutano uliopita msiyaruke. Anayeuliza msimwulize katumwa na nani.

Nawapenda, ndiyo maana nimeandika badala ya kunung'unika kilabuni. Mkutano ujao nitakuja na kiti changu, na mama nimemwambia akae mbele. Stakabadhi bado anayo.