Uyoga uchimbuliwe na kitako chake

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee uyoga, maana mvua zimeshachanganya huku kwetu na ukitoka Iringa kwenda Mafinga unaona wamama na watoto wamepanga visado na ndoo pembeni ya lami. Uyoga wa miombo, yaani wa misitu yetu ya asili, mi naupenda sana na wale wamama wanaujua kuliko wengi wetu tuliosoma, ila siku hizi mwingi unakuja umekatwa kwa kisu katikati ya shina, kitako kimebaki porini.

Hapo ndo kwenye hatari. Kuna jamii ya uyoga inaitwa Amanita, ndani yake upo mtamu kabisa kama Amanita loosei unaoliwa sana miombo ya Zambia na Malawi, na upo Amanita phalloides ambao kofia moja inaweza kuua mtu mzima. Huo phalloides ukiufukua taratibu kwa kijiti unakuta chini ya shina kifuko cheupe kama ganda la yai lililopasuka, na juu kidogo pete inaning'inia. Kifuko hicho hata baadhi ya wanaoliwa wanacho, kwa hiyo ukikiona ujue huenda umeingia kwenye hiyo jamii na kama huijui vizuri acha. Kisu kikishapita, hata bibi mzoefu utamwonyesha nini?

Halafu hao bibi zetu walitufundisha uyoga wa miombo, sio wa kwenye mapaini. Huo phalloides asili yake Ulaya, ulifika Afrika Kusini pamoja na miti ya kigeni, na sisi hapa tuna Sao Hill, shamba kubwa la miti ya paini, na watoto wanaokota humohumo.

Na tuache kusema eti ukiliwa na wadudu ni salama. Sio kweli, konokono anautafuna huo wenye sumu na hafi. Sumu ya phalloides haitoki kwa kuchemsha wala kuanika, na inachelewa, saa 6 mpaka 12 au zaidi ndo mtu anaanza kutapika na kuhara, baadae anapata nafuu kila mtu anashukuru Mungu kumbe ini linakufa. Jamani msisubiri, wahini hospitali na mbebe mabaki ya uyoga.

Maafisa misitu wapite kwenye magulio waliseme hili, na sisi wanunuzi tudai uyoga wenye kitako, hata ukiwa na udongo tutauosha nyumbani.

Msomaji wako,
Mafinga