Kwa nini mishikaki yetu haifai kulazwa mpaka kesho

Wateja wanaochukua nyama ya mishikaki iliyokwisha kuungwa hapa kwetu Ngamiani, Tanga, wana malalamiko ya aina moja: ukichoma siku hiyo hiyo ni laini, ukiilaza inakuwa kama imepondwa, hata kijiti haikishiki. Nyama haijaoza. Ni papai.

Tunalainishia papai bichi, lile ukilichanja linatoa utomvu mweupe. Ndani ya utomvu mna kimeng'enya kiitwacho papaini, na kazi yake ni kukata protini. Chenyewe pia ni protini, iliyojikunja ikaacha kijibonde. Protini ya nyama ikiingia hapo inakatwa, vipande vinatoka, kijibonde kinapokea nyingine. Mwaka 1894 mwanakemia Mjerumani Emil Fischer alilifananisha jambo hili na kufuli na ufunguo wake. Ndiyo maana papaini haiyagusi mafuta ya nyama, ila vidole vya anayemenya papai huwasha, maana ngozi nayo ni protini.

Na papaini haiishi kwa kutumika. Kijiko ulichotia mchana kinaendelea kukata usiku kucha.

Mpapai wenyewe haumeng'enywi kwa sababu huitengeneza papaini ikiwa bado imelala, na kipande cha ziada kimefunika kile kijibonde. Tunda likijeruhiwa, kipande hicho hukatwa, na dakika chache baadaye utomvu una makali yake. Tumbo la binadamu nalo hufanya hivyo kwa pepsini, kimeng'enya chake cha kukata protini: huitoa ikiwa imefungwa, asidi ndiyo inayoifungua.

Kwenye bakuli lako hakuna ulinzi huo, kwa hiyo ni juu yako. Friji hupunguza kasi tu. Friza huisimamisha kazi, lakini nyama ikiyeyuka inaendelea pale ilipoishia. Ndimu nyingi huidhoofisha papaini. Papai lililoiva halisaidii kitu, papaini yake ni kidogo mno.

Moto ndio unaowachanganya wengi. Joto likizidi sana, papaini hupoteza umbo lake na kazi inakwisha kabisa. Lakini kabla ya kufika huko, kwenye nyuzi joto 60 hivi, ndipo inapokata kwa kasi kubwa kuliko hata ikiwa mezani! Mkaa hafifu basi ndio mbaya kuliko yote: nyama inakaa humo humo kwenye uvuguvugu, nje haijakauka, ndani inazidi kulegea. Subiri mkaa ukolee ndipo upange vijiti.

Kwa hiyo ukiagiza, tuambie utachoma saa ngapi. Kama ni shughuli ya kesho, tutakupa nyama yenye viungo vyote na papai lililosagwa kwenye kikopo chake. Lichanganye kama saa moja kabla ya kuchoma. Mwenye mzio wa papai aseme mapema, ya kwake tunaiunga kwa mtindi.