Kwako mwanangu, uliyenibebea begi hadi stendi

Mwanangu,

Tangu arobaini ya shangazi yako hupokei simu zangu. Mama yako naye ananijibu kwa mkato. Basi naandika hapa, watu wasome, maana na mimi yale niliyokutendea niliyatenda mbele za watu.

Jumamosi nilikwenda tena kwenye hazina ya kanisa kuu hapa Köln, kulitazama sanduku la Askofu Mkuu Engelbert. Niliwahi kukusimulia habari zake ukiwa kidato cha pili, ukashangaa askofu gani huyo anakwenda vitani. Wa enzi zile walikwenda. Alisoma misa, alitoza kodi, alishika ngome. Mwaka 1206 alitengwa na Kanisa kwa kusimama na ndugu yake katika ugomvi wa kiti cha ufalme. Mwaka 1216 akachaguliwa askofu mkuu, na 1220 Kaisari Friedrich II akamwachia Ujerumani aiangalie, pamoja na mwanawe Heinrich amlee. Miaka miwili baadaye akamvika kijana huyo taji kule Aachen.

Mtu wa kiasi hicho aliuawa kwa ugomvi wa ukoo. Watawa wa kike wa Essen walikuwa na mlinzi wa mali zao, Friedrich wa Isenberg, na mlinzi huyo ndiye aliyewala. Engelbert akatakiwa amkomeshe. Sasa sikia: babu yake Friedrich na baba yake Engelbert walikuwa ndugu. Kwetu angemwita baba mdogo.

Inasimuliwa kwamba Engelbert alimwahidi Friedrich fidia ya kila mwaka kutoka mfukoni mwake, awaachie watawa. Wakakutana Soest, wasielewane. Tarehe 7 Novemba 1225, Engelbert akiwa njiani kwenda kutabaruku kanisa la Schwelm, watu wa Friedrich wakamvamia karibu na Gevelsberg, wakamkatakata. Maiti ikabebwa kwa mkokoteni wa samadi. Na Friedrich alikuwa amemsindikiza.

Hapo kwenye kusindikiza ndipo ninapokwama kila mara. Nauona ule mkeka, wakwe zako wamekaa upande wa mlangoni, nami nasoma daftari la kodi ya vyumba vya shangazi kwa sauti. Februari hakuna. Machi hakuna. Ulikuwa na kikombe cha chai mkononi, unakizungusha tu, hunywi. Nilipomaliza uliinuka, ukachukua begi langu, ukanifikisha stendi, ukalipandisha kwenye basi. "Safari njema, baba mdogo." Afadhali ungenitukana.

Lakini ningefanyaje? Shangazi alikuwa akinipigia usiku analia, hana dawa ya presha, na pesa za wapangaji unazipokea wewe. Nilikuonya kwa simu mara tatu. Nilikuambia kama umekwama sema, nitakutumia mimi. Mzee akiambiwa hayo akanyamaza, ni mzee gani?

Kuna jambo sikukusimulia wakati ule. Mwaka 1218 Adolf, kaka yake Engelbert, alifia Damietta, Misri, kwenye vita vya msalaba. Aliacha binti, Irmgard. Mume wa binti akaidai Berg, nchi ya ukoo wao, kwa haki ya mkewe. Engelbert akapigana naye, akaishika nchi ile hadi siku anauawa. Nilikuwa nalijua, nikaliruka.

Na wewe siku ile ulijua kwamba kiwanja cha marehemu baba yako kiko kwa jina langu. Hukulitamka mbele ya wakwe zako. Kodi ya ardhi nimelipa mimi miaka yote, risiti ninazo, ukuta nimejenga mimi. Sikukila, mwanangu. Nilikishika tu, kwa kuwa ulikuwa mdogo. Halafu ukakua, nami sikusema kitu.

Friedrich walimkamata, wakamvunja kwenye gurudumu mbele ya lango la Köln, Novemba 1226. Kaka zake wawili, maaskofu wa Münster na Osnabrück, wakavuliwa viti vyao.

Mwezi wa kumi na moja nakuja. Hati ninayo, tutakwenda wote ardhi kubadilisha jina. Nitashuka stendi ile ile, kwa basi la asubuhi. Kama huwezi kuniona, mtume mtoto aje anipokee begi.

Baba yako mdogo