Anayetoa kizazi naye atazamwe

Mhariri,

Kila inapotangazwa habari ya mwanamke kujifungua baada ya kupandikiziwa kizazi, mama na madaktari hupongezwa. Nami huwafurahia kwa dhati. Kinachoniuma ni kwamba aliyetoa kizazi hicho hutajwa kwa neno moja tu, basi.

Mtoto wa kwanza kwa njia hii alizaliwa Sweden Septemba 2014, kazi ya Profesa Mats Brännström na wenzake wa Gothenburg. Mama yake alizaliwa hana kizazi. Aliyempa alikuwa rafiki wa familia, mwenye miaka 61. Kumtoa kizazi mtu hai ni upasuaji wa saa nyingi, maana mishipa yake ya damu lazima itoke mizima. Mpokeaji hupata mtoto. Mtoaji hubaki na kovu. Brazil ilionyesha mwaka 2017 kuwa hata kizazi cha marehemu huweza kubeba mimba, na mimi naona huko ndiko pa kuanzia.

Kwetu mke asiye na mtoto husimangwa. Siku huduma hii ikifika, dada au mama ataombwa kizazi chake mbele ya ukoo mzima, na nani atathubutu kukataa? Naomba sheria itangulie: mtoaji ahojiwe peke yake, na daktari asiyemtibu mpokeaji. Akikataa, hospitali iwaambie ndugu kwamba hafai kitabibu, bila maelezo zaidi.

Msomaji wako,
Tanga